Namna ya Kuukataa Mwaliko wa Mezani

Ilikuwako nchi moja, na Mungu aiache huko huko ilikokuwako. Si hii yetu. Hii yetu tunaijua, kila mtu analala usingizi wake. Nchi hiyo ilikuwa mbali, na watu wake walikuwa na adabu mno.

Mtawala wao hakuitwa rais wala mfalme, majina hayo aliyaona makali. Aliitwa Mwenyeji Mkuu. Na raia wote, pamoja na wale ambao mababu wa mababu zao wamezikwa palepale, waliitwa Wageni Waalikwa. Kwenye bendera paliandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna aliyewahi kuuliza Mwenyeji anaumwa nini. Kuulizia maradhi ya mwenye nyumba si adabu.

Shuleni watoto walifundishwa neno la wahenga, usikatae wito. Zamani neno hilo lilikuwa na mkia wake, usikatae wito, kataa neno, lakini vitabu vipya vilipochapwa karatasi haikutosha, mkia ukakatwa. Watoto wakakua na kichwa peke yake.

Basi mara kwa mara kadi ilikuwa inakuja. Kadi nzuri, nene, rangi ya maziwa, imezungushiwa dhahabu pembeni. Inasema fulani anaalikwa Mezani, tarehe fulani. Haisemi karamu ya nini wala inaisha lini. Siku ikifika linakuja gari la mapokezi, jeupe, lina mapazia, dereva anateremka kukufungulia mlango kama bibi harusi. Gari linapanda kilimani kwenye jumba la Mwenyeji, na mwenye kadi haonekani tena. Ndugu wakienda kuuliza wanapokewa vizuri, wanapewa viti, wanaambiwa kwa upole: "Bado wanakula."

Kuna waliokwenda mwaka wa mafuriko. Bado wanakula.

Sasa msiseme nchi ile haikuwa na haki. Kukataa kuliruhusiwa. Mwenyeji Mkuu mwenyewe ndiye aliyeruhusu, na sababu yake ni hii. Aliwahi kusafiri ng'ambo, akafanyiwa dhifa, na kwenye dhifa hiyo akamwalika mke wa mkubwa mmoja aje nchini mwake kutembea. Yule mama akamjibu kwa Kifaransa, pole pole, huku ameinamisha shingo kidogo. Mwenyeji alifurahi akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Akapanda ndege. Alivuka bahari mbili ndipo akagundua kwamba amekataliwa.

Hakukasirika. Waliokuwemo ndegeni wanasema alitazama mawingu, kisha akasema, "Hakuna atakayenikatalia tena ila hivi." Siku ya tatu ikatoka Sheria ya Kukataa kwa Adabu. Kila Mgeni Mwalikwa anayo haki ya kukataa mwaliko wowote, mradi akatae kwa Kifaransa, kwa adabu, mbele ya afisa. Kukataa kwa lugha nyingine yoyote ni kuitukana meza.

Walimu wa Kifaransa nchini walikuwa kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walialikwa Mezani wiki hiyohiyo, na hawakukataa, maana ilikuwa furaha kubwa kwao kuona somo lao limethaminiwa.

*

Mtaa wa Chini kulikuwa na mwanamke anauza uji wa asubuhi, jina lake Havijawa, lakini watu walimwita Mama Kibibi kwa mtoto wake wa pekee. Mumewe alikufa kifo chake mwenyewe, kitandani, jambo lililoonekana bahati kubwa mtaani. Yeye alisoma darasa la saba akaishia hapo, na katika maisha yake alijiwekea kazi moja, nayo ni kumlea Kibibi asije akasemwa.

Kibibi alipokuwa na miaka sita walikwenda kumtazama mzazi nyumba ya pili. Wakaletewa uji wa pilipili manga, na Kibibi akasema hautaki. Alisema hivyo mbele za watu. Mama yake alicheka kuwaridhisha wenyeji, huku chini ya kanga anamfinya paja. Alimfinya kweli, ngozi ikakaa alama siku nne. Wakiwa njiani akamwambia: "Mkono wa mtu mzima haukataliwi. Hata kama umeshiba, onja. Hata kama hutaki, pokea kwa mikono miwili, piga goti, sema ahsante. Umenisikia?"

Kibibi alisikia. Toka siku ile hajakataa kitu. Akawa msichana wa kupigiwa mfano, miaka kumi na tisa, sauti ya chini, shikamoo haimkauki mdomoni. Wanawake wakigombana na mabinti zao walikuwa wanasema, "Nenda kalale kwa Mama Kibibi ukaone watoto wa wenzako." Na Mama Kibibi akilisikia hilo alikuwa anakoroga uji wake taratibu, kifua kimemjaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliliamini neno hilo, na hakukosea kuliamini.

Kadi ilikuja Jumatatu. Iliandikwa jina la Kibibi kamili, na la baba yake marehemu, bila kukosea herufi. Tarehe ilikuwa wiki sita mbele.

Majirani walikuja kupongeza, kwa sababu kupongeza kulikuwa lazima na kulia kulikuwa kosa. Wa kwanza alikuwa Mama Zuwena wa mlango wa pili, amebeba mtoto wake mdogo kiunoni.

"Hongera, shoga," akasema, na macho yake yalikuwa mlangoni.

"Ahsante, shoga."

"Heshima hiyo."

"Heshima kubwa."

Wakakaa. Zuwena mtoto akaomba maji, akapewa, akanywa. Kisha Mama Zuwena akainamia kikombe cha mtoto kama anakitazama nyufa, akasema kwa sauti ya ndani kabisa, "Yule mzee mpishi wa sambusa kule uwanjani. Zamani alikuwa hoteli ya Wafaransa."

*

Mzee Simai alikuwa amefanya kazi ya kupeleka sinia mezani miaka ishirini na miwili, kwenye hoteli moja iliyokuwa haipokei mtu ila Wafaransa. Hoteli ilishafungwa. Yeye alibaki na koti jeupe lenye vifungo vya shaba na mgongo ulionyooka.

"Mama, nikwambie ukweli," alimwambia Mama Kibibi. "Mimi Kifaransa cha kuzungumza sijui. Sikuwahi kualikwa kukaa nao. Nilikuwa napita na sinia, nainama, wao wananikatalia. Miaka ishirini na miwili nimekataliwa samaki, nimekataliwa mvinyo, nimekataliwa mkate na chumvi. Hicho cha kukataa ninacho chote."

"Ndicho ninachokitaka, baba."

"Basi kaa."

Kukataa kwa sheria kulikuwa na nguzo nne, na Mzee Simai alizijua kabla sheria haijatungwa, maana wageni wake walizifuata bila kuamrishwa. Nguzo ya kwanza, shukrani. Ya pili, majuto. Ya tatu, sababu. Ya nne, siku nyingine.

"Hiyo siku nyingine usiitaje tarehe," akasema. "Na sababu isiwe ya kweli."

"Kwa nini isiwe ya kweli?"

"Ukweli hauna adabu. Ukimwambia mtu sababu ya kweli unamlazimisha aijibu. Kuna bwana mmoja alikwenda Idara ya Kukataa, akakataa vizuri, nguzo ya tatu akasema mama yake yuko kwenye jeneza nyumbani. Wakapeleleza, wakalikuta jeneza. Akaambiwa huo si ustaarabu, umetuletea maiti mezani. Akapakiwa. Kumbuka hilo, mama. Nguzo ya tatu siku zote ni uongo, na aliye mbele yako anajua ni uongo, na ndiyo raha yake."

"Sasa mimi nitasema nini?"

Mzee Simai akafikiri. "Ini. Wale watu wakikataa mayai ni ini, wakikataa siagi ni ini. Mwanao ini lake zima?"

"Zima, alhamdulillahi."

"Basi linaumwa."

Kila siku baada ya kumaliza masufuria yake, Mama Kibibi alikwenda uani kwa Mzee Simai. Mzee alivaa koti lake, akabeba sinia, akazunguka ua mzima kama kuna meza hamsini, kisha akamjia na kuinama. Na Mama Kibibi, aliyezoea kutamka bei ya uji tu, alishika shingo yake ikainama, akasema:

"Je vous remercie infiniment de votre aimable invitation." Hiyo shukrani.

"Je suis vraiment désolée." Hayo majuto.

"Malheureusement ma fille ne pourra pas venir, à cause de son foie." Hilo ini.

"Ce sera pour une autre fois, avec grand plaisir." Hiyo siku nyingine, kwa furaha kubwa.

Wiki mbili za kwanza maneno yalimkwama kama miiba ya samaki. Wiki ya tatu yakaanza kuteleza. Aliyasoma kwenye karatasi aliyoandikiwa na Mzee akichekecha unga, aliyasema akioga. Mteja mmoja aliomba kuongezwa uji akajibiwa kwa Kifaransa, akaondoka anashukuru.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Siku moja, jua kali, amemaliza nguzo nne bila kosa, Mzee Simai akainama na sinia lenye bilauri moja ya maji ya baridi. "Pole na kazi, mama. Karibu maji."

Akapokea akanywa.

Mzee akaliteremsha sinia chini. "Hapo umeshakwenda, mama. Gari linakusubiri nje."

"Si maji tu, baba? Na somo tumemaliza."

"Kifaransa ni mdomo. Kukataa kuko mkononi. Tazama mkono wako, ulitoka peke yake, hata hukuutuma." Akamshika kiganja akakigeuza kama anayenunua ndizi. "Sijakufundisha bado neno dogo. Mtu akikujia na sinia baada ya mambo yote, husemi nguzo nne. Unasema sans façon, merci, yaani sitaki, bila makuu, ahsante. Basi. Na mkono unaubana kwapani."

Wakafanya hilo wiki nzima. Maji, kashata, ndizi ya kukaanga, sambusa zake mwenyewe zinazonukia. Sans façon, merci. Mkono kwapani. Mama Kibibi alirudi nyumbani na njaa, ameshinda.

"Kesho mlete na binti," Mzee Simai akasema siku ya mwisho. "Naye nimzungushie sinia."

"Hana haja. Sheria inasema mzazi anamkatalia mwana ambaye hajaolewa. Yeye atasimama tu nyuma yangu."

"Mlete, mama."

"Baba, Kibibi ana adabu zake. Hatanitia aibu."

Mzee Simai akalifuta sinia lake. Alikuwa mtu wa kupeleka sinia. Hakuzoea kusema mara tatu.

*

Juu ya mlango wa Idara ya Kukataa pameandikwa KARIBUNI SANA kwa maua ya plastiki. Mama Kibibi alifika asubuhi na mapema, amevaa kanga zake mpya, na nyuma yake Kibibi, buibui limepigwa pasi, mikono mbele.

Mbele yao walikuwa watu watatu. Wa kwanza, fundi wa baiskeli, alijifunza neno moja tu, nalo ni non. Akalisema. Afisa akamwuliza kwa huruma kama kuna zaidi, akalisema tena. Wakamsindikiza kwa mlango wa nyuma. Wa pili, mwanamke wa makamo, alisema nguzo mbili vizuri, ya tatu akaanza kulia. Karani akaitazama sheria, akatikisa kichwa, machozi hayamo. Wa tatu alipoona hayo akageuka, akasema amekumbuka kuwa ana hamu sana ya kwenda Mezani, akapigiwa makofi.

Kisha wakaitwa wao.

Afisa wa pale cheo chake kilikuwa Mkataliwa Mkuu wa Wilaya. Alikuwa bwana mnene mwenye sauti laini, na kitini kwake alitandika mto wa mahameli, kwa sababu kukataliwa kutwa nzima ni kazi ya kuumiza. Alisimama. Akafungua mikono.

"Karibu, mama yetu, karibu, mzazi wa mzazi wa taifa. Jisikie uko kwako, ingawa sisi sote tuko kwake. Kabla hujaninyima, nataka ujue kwamba Idara hii haina kinyongo. Kunyimwa ni sehemu ya upendo. Mimi Kifaransa sikijui hata neno. Karani naye hajui. Tuliona tukijua tutakuwa na upendeleo. Kipimo chetu ni hiki kifua." Akajipiga pole pole. "Ukimaliza kusema, nikijiona kama mtu aliyepewa kitu, umepita. Nikijiona kama mtu aliyenyang'anywa, basi, na mimi nitakuwa nimeumia pamoja nawe. Haya, mama. Nikatalie."

Mama Kibibi akainamisha shingo. Akamwona mbele yake Mzee Simai na koti lake, akaona sinia. Akasema. Shukrani ikatoka kama maji kwenye mtungi. Majuto yakafuata. Alipofika kwenye ini sauti yake ilishuka kidogo, kwa uchungu wa ini ambalo halikuwa linaumwa, na aliposema siku nyingine, kwa furaha kubwa, akatabasamu.

Mkataliwa Mkuu alikuwa ameweka mkono kifuani. Macho yake yalilowa.

"Miaka minne," akamwambia karani. "Miaka minne niko kwenye kiti hiki. Umeona? Nimepewa. Sijui nimepewa nini, lakini nimepewa."

Akachukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye kadi ya Kibibi: UMEKATALIWA KWA ADABU. Wino wa kijani. Mama Kibibi aliutazama muhuri ule, akausoma mara mbili.

"Sasa," Mkataliwa Mkuu akasema akifuta macho, "sheria imekwisha. Imebaki desturi."

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akaingia mwanamke mtu mzima, kichwa kina mvi, uso wa bibi wa mtu yeyote, amebeba sinia la shaba. Juu yake pana sahani ya halua na vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo, moshi unapanda. Alikuja hadi kwa Mama Kibibi akainama.

"Poleni na safari, wanangu. Karibuni kahawa."

Mkono wa Mama Kibibi ulitoka. Yeye mwenyewe aliuona ukitoka. Ulifika nusu ya njia, akaukamata, akaurudisha, akaubana kwapani mpaka mbavu zikauma.

"Sans façon, merci," akasema.

Mkataliwa Mkuu alitabasamu kama mwalimu. Yule bibi hakuonyesha chochote. Alipiga hatua moja, akampita Mama Kibibi, akainama tena.

"Na wewe, mwanangu?"

Mama Kibibi alisikia kabla hajageuka. Alisikia buibui likikunjika, lile goti alilolifundisha. Akasikia sauti ya chini, nzuri, ikisema, "Shikamoo, bibi. Ahsante." Alipogeuka Kibibi alikuwa ameshakishika kikombe kwa mikono yote miwili, ameshapiga funda moja, dogo, la kuonja, kama inavyopasa mtu aliyeshiba asimuudhi mwenyeji.

Karani akafungua sheria ukurasa wa mwisho. Akasoma bila haraka: "Kifungu cha arubaini. Aliyepokea kidogo cha Mwenyeji ameshaketi."

Mkataliwa Mkuu alikuwa amesikitika kweli. Akachukua muhuri mwingine, wa wino mwekundu, akaugonga juu ya ule wa kijani.

"Bwana mkubwa," Mama Kibibi akasema, "mtoto hakukubali. Ameonja kahawa. Ni adabu tu."

"Najua, mama."

"Nimemfundisha mimi."

"Inaonekana, mama. Umemlea vizuri sana. Unadhani kadi zinapelekwa ovyo? Mezani hawataki wakorofi."

Dereva wa gari la mapokezi alikuwa ameshaingia, amevua kofia. "Karibu, dada," akasema, na akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Kibibi akamtazama dereva, akamtazama mama yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebanwa katikati ya wakubwa wawili.

"Kataa," Mama Kibibi akamwambia. "Sema hapana. Kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote, mwanangu, piga kelele, mtemee mate."

"Mama," Kibibi akanong'ona, na mashavu yalikuwa yamemwiva kwa haya, "watu wanatutazama."

Akakirudisha kikombe kwenye sinia, akamwambia yule bibi ahsante. Akamfuata dereva. Kwenye kizingiti alikumbuka, akarudi hatua mbili, akambusu mama yake mkono, maana binti hatoki bila kuaga.

Mapazia ya gari yalikuwa yameshafungwa.

*

Mama Kibibi hakulia hadharani, maana kulikuwa kosa. Alipika uji wake. Alipanda kilimani mara tisa, na mara tisa alipewa kiti na kuambiwa bado wanakula. Mara ya kumi akaacha kwenda, akaanza kuandika. Ikiwa nchi ile ni ya mialiko, na yeye ataalika. Akamwandikia Kibibi kumwalika arobaini ya shangazi yake. Akamwandikia kumwalika harusi ya binamu. Akamwandikia kumwalika mchana wowote, wali na mchuzi wa papa, au bila mchuzi, aje tu akae saa moja kibarazani arudi.

Jibu lilikuja mwaka wa pili, mwezi wa mfungo mosi. Kadi nene, rangi ya maziwa, dhahabu pembeni. Mwandiko ulikuwa wa Kibibi, ile herufi j yake yenye mkia mrefu, ila umenyooka kama umepigwa rula.

Mistari minne. Na mtaa mzima hapakuwa na mwanamke ambaye angeweza kuisoma ila yeye.

Je vous remercie infiniment de votre aimable invitation. Hiyo shukrani. Je suis vraiment désolée. Hayo majuto. Mstari wa tatu haukuwa na ini, ulikuwa na maneno asiyoyajua. Wa nne, siku nyingine, kwa furaha kubwa, bila tarehe.

Akaichukua kadi, akaenda uwanjani kwa Mzee Simai, na Mama Zuwena akamfuata, mtoto kiunoni. Mzee alifuta mikono mafuta, akaisogeza kadi mbali na macho.

"Hili nalijua," akasema kwenye mstari wa tatu. "Kulikuwa na wageni wanakaa bustanini, nikiwaambia mvua inakuja, ingieni ndani, wananijibu hivi. Je suis très heureuse ici. Anasema hawezi kuja, kwa sababu..."

"Soma, baba."

"Kwa sababu ana raha sana huko."

"Alhamdulillahi," Mama Zuwena akasema. "Shoga, mtoto ana raha. Ulikuwa unakonda bure. Si amesema mwenyewe? Ana raha."

Mama Kibibi alikuwa anamtazama Mzee Simai, na Mzee Simai alikuwa anazitazama sambusa zake.

"Nguzo ya ngapi hiyo, baba?" akauliza.

"Wewe unajua, mama."

"Sema wewe."

"Ya tatu."

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye karai na hakuna aliyetia kitu.

*

Siku hizi Mtaa wa Chini wanasema Mama Kibibi amekuwa mbaya. Asubuhi akimaliza kuuza uji, anakaa kibarazani na sahani ya kashata, za nazi, za moto bado. Mtoto akipita anamwita. "Njoo, mwanangu. Karibu kashata." Mtoto akinyoosha mkono, anafinywa. Anafinywa kweli, ngozi inakaa alama. Akina mama wameshakuja kumgombeza. Anawasikiliza, anawapisha waseme, na kesho yake kibarazani tena.

Wiki iliyopita alimwita Zuwena, ambaye sasa ana miaka sita. Mama yake alikuwa mlangoni, anatazama, na hakuja kugombeza.

"Njoo, Zuwena. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu kashata."

Mtoto akaitazama sahani. Mkono wake ukatoka kidogo, ukasimama. Akautia nyuma ya gauni, akaushika kwa mkono wa pili. Gari jeupe lilikuwa linapita barabara ya juu, pole pole, linatafuta nyumba.

"Sitaki," Zuwena akasema.

Mama Kibibi akaiweka sahani chini.

"Sema tena," akamwambia. "Kwa sauti."